Timazi Lililopanda Kitonga

Mjomba wangu Twalibu Kibwana alizaliwa Mzenga, Kisarawe, na mpaka anafika miaka thelathini na tisa, mlima mrefu kuliko yote aliokuwa ameupanda kwa baiskeli ulikuwa ule wa Pugu. Huo aliupanda mara nyingi. Kabla ya kuajiriwa alikuwa akipeleka mihogo Kariakoo, gunia zima kwenye karia na tenga la machungwa juu yake. Wanaume wa Kisarawe wa umri wake waliujua mwinuko ule kwa mapaja, si kwa macho.

Mwaka 1968 alikuja Kibaha kutafuta kibarua. Pale Tumbi majengo yalikuwa yakiongezwa kila mwaka, na kazi ilikuwapo kwa mtu asiyeogopa jua. Alipangiwa kumsaidia fundi mwashi aliyetoka Iringa, jina lake Leodegar, mtu mfupi mwenye kofia ya pama iliyogandiwa na saruji ukingoni. Twalibu alikoroga udongo na kubeba matofali, Leodegar alijenga. Walifanya kazi hivyo miaka kumi, na kwa miaka kumi walitukanana.

Wazee wa kwetu hawakubaliani kama Wazaramo na Wahehe ni watani wa asili. Wapo wanaosema ndiyo, na wapo wanaosema watani wetu ni Wanyamwezi, hao wengine wamejipachika tu. Leodegar na mjomba hawakungoja jambo hilo liamuliwe. Mimi nililelewa kwa mjomba, Tangini, kwa ajili ya shule, kwa hiyo mengi niliyasikia mwenyewe nikichambua mchele uani. Leodegar alikuwa amepanga chumba Misugusugu na Jumapili, akitoka kanisani, alikuja kula kwetu. Hakubisha hodi hata siku moja. Aliingia moja kwa moja, akafunua chungu.

"Nazi tena? Ninyi hata maji ya kuoga mtayatia nazi."

"Kaa ule, mtu wa baridi," mjomba alimjibu bila kuinuka. "Kwenu mnakula nini zaidi ya ukungu?"

"Kwetu tunakula tukiwa juu, tunawatazama ninyi mlivyotandazwa kama mkeka. Eti Pugu mlima. Pugu kwetu ni tuta la viazi. Siku ukiiona Kitonga utashuka kwenye hicho chuma chako uiamkie."

"Kitonga nitaipanda nimekaa, na wewe nimekupakia nyuma, unalia."

Mkaza mjomba wangu, Mwanahalima, alisema wanaume wale wangekuwa mke na mume wangeachana siku ya kwanza.

Mwaka 1978 kifua cha Leodegar kilianza kumsumbua. Alikohoa tangu masika mpaka kipupwe, akakonda, na mwezi wa nane akaamua kurudi kwao Ilula, kwa mkewe Eugenia na nyumba aliyokuwa akiijenga kila likizo. Siku ya kuondoka alileta furushi kwetu. Ndani mlikuwa na mwiko wake wa kujengea, timazi lake la kupimia kama ukuta umesimama wima, na ile kofia.

"Nikifa, uje unitukane," alisema. "Si kidogo. Shemeji yangu Gregori ni katekista. Atasimama mbele za watu aseme nilikuwa mtu mpole nisiyegusa pombe. Usimwachie."

"Utakufa lini? Nipange likizo."

"Nitakuletea barua."

Hapa lazima nieleze kazi ya mtani, kwa sababu siku hizi watu wanaikumbuka nusu. Siku ya kumaliza matanga, mtani huingia msibani bila hodi na bila kuuliza lolote. Huvaa nguo ya marehemu, hutembea mwendo wake, husema kwa sauti yale ambayo wafiwa wamekuwa wakinong'ona. Watu wakishacheka, hufagia jivu la moto wa matanga na kulitupa. Ndivyo wale wawili walivyoamini: jivu lisipotolewa na mtani, na marehemu asiposemwa ukweli wake, anakuwa amezikwa mtu mwingine.

Barua ilifika Februari 1979, Ijumaa, imeandikwa na Eugenia. Leodegar alikuwa amekwisha kuzikwa. Arobaini, siku ya kumaliza matanga, ilikuwa Jumamosi ya wiki iliyofuata. Eugenia aliandika pia njia: ukimaliza mlima endelea mpaka Ilula, utaona kanisa la Katoliki, nyumba yetu ni ya bati, ya pili baada ya kanisa.

Ulikuwa wakati wa vita vya Kagera. Mabasi na malori mengi yalikuwa yamechukuliwa kupeleka askari na vyakula mbele, na yale machache yaliyobaki yalipita Kibaha yakiwa yamejaa tangu Dar es Salaam. Mjomba alisimama kituoni Jumamosi nzima na Jumapili nzima, na furushi lake mkononi. Jumapili jioni alirudi, akaigeuza baiskeli matairi juu, akaanza kukaza spoku.

"Si uandike barua?" mkaza mjomba alimwambia.

"Barua haitukani."

"Na hizo nazi mbili ulizoziweka kando ya furushi?"

"Za kwake. Alizila miaka kumi huku anazisema. Nazo zitasema."

Aliondoka Jumatatu alfajiri. Baiskeli ilikuwa Foniksi ya Kichina, gurudumu la inchi ishirini na nane, haina gia, breki zake za vyuma. Kwenye karia alifunga furushi, nazi mbili, pampu, kopo la solusheni ya viraka na mihogo mikavu. Jumatatu alilala Chalinze, msikitini. Jumanne Morogoro. Jumatano alifika mpaka wa mbuga ya Mikumi, wakamkatalia kupita na baiskeli kwa sababu ya simba, na baada ya kungoja kwa saa nne lori la magunia matupu likamvusha. Alhamisi alikwenda juani siku nzima kati ya mibuyu mpaka Ruaha Mbuyuni, wauza vitunguu wakampa mahali pa kulala. Alipolisimulia hili, mjomba alilimaliza kwa sentensi nne kama mimi nilivyofanya. Kibaha hadi Ruaha kwake haikuwa habari. Habari ilikuwa Ijumaa.

Ijumaa asubuhi, chini ya Kitonga, alikuta lori limeharibika. Dereva amelala chini yake, na utingo amekaa juu ya jiwe anakula muwa.

"Bwana nazi," utingo alisema, "hizo unampelekea nani? Nyani?"

"Nampelekea Mhehe."

"Basi sijakosea sana."

Dereva alitoa kichwa. "Usimsikilize huyu. Hiyo baiskeli haina gia, ndugu yangu. Kesho vipuri vinakuja, ngoja tukupakie."

"Kesho natakiwa niwe juu."

"Juu kuna nini kisichongoja?"

"Matanga ya mtani wangu."

Dereva alirudisha kichwa chini ya lori. Utingo alikata pingili mbili za muwa akamtia mfukoni.

Kona ya kwanza aliipanda amekaa. Ya pili aliipanda amesimama juu ya pedali, jinsi walivyozoea Pugu, uzito wote unahamia mguu huu kisha ule. Kabla ya ya tatu mnyororo ulianza kulia na mapaja yakaanza kutetemeka, akashuka. Alisimama, akaitazama barabara iliyojikunja juu ya kichwa chake, kisha juu tena, kisha tena, mpaka ikaingia ukunguni. Akasema, "Shikamoo." Aliniambia hivyo bila kucheka. Alisema ahadi ni ahadi, hata kama aliyeahidi ni mtu mwingine kwa niaba yako.

Kwa hiyo Kitonga, sehemu kubwa, aliipanda kwa miguu. Alikuwa mkweli kuhusu hilo, hata mbele ya vijana waliotaka kusikia vingine. Aliweka bega la kulia nyuma ya tandiko, mkono wa kushoto kwenye usukani, akasukuma kwa kukata barabara mshazari kutoka ukingo hadi ukingo, maana ukisukuma wima mlima unakurudisha. Palipolegea kidogo alipanda, akaenda hatua hamsini, sitini, akashuka tena. Upande mmoja ulikuwa mwamba unaochuruzika maji. Upande wa pili ulikuwa bonde, vilele vya miti viko chini ya miguu yake, na sauti ya mto asiouona. Hakupenda kutazama kule. Mtu wa Pwani amezoea ardhi iwe mahali pamoja, alisema.

Mvua ilianza saa nne. Lori moja lilimpita taratibu sana, utingo wake anatembea kando na gogo la kuzuilia gurudumu. Mjomba alishika kamba iliyoning'inia nyuma, likamvuta kona moja. Kisha likayumba na kurudi nyuma kidogo, naye akaiachia. Alisema angekufa pale, Leodegar angemcheka milele. Kona iliyofuata nyani walikuwa wamekaa ukingoni, na mmoja alimfuata kwa muda mrefu akizitazama nazi. Vidole viliganda, na jasho mgongoni lilikuwa baridi, jambo ambalo lilimtisha kuliko bonde. Alidhani ni homa.

Alifika juu saa tisa alasiri. Alikaa kwenye jiwe la maili, akala muwa wa utingo, akaswali. Kisha akapanda baiskeli, barabara sasa ikipanda na kushuka kwa upole, na baada ya muda mfupi akaona kanisa lenye msalaba. Baada ya kanisa nyumba moja. Baada yake nyumba ya bati, watu wameketi chini uani, wanawake wamejitanda, na moto mdogo unafuka katikati.

Hapo ndipo alipokosea, na nimefikiri mara nyingi kwamba mtu mwingine yeyote asingekosea. Mgeni wa kawaida angebisha hodi. Angesalimia, angeuliza hapa ni kwa nani. Mtani haulizi. Mjomba aliegemeza baiskeli ukutani, akavaa kofia ya Leodegar, akashika mwiko, akaingia uani akitembea ule mwendo mfupi wa Leodegar, tumbo mbele.

"Yuko wapi huyu mwizi wa saruji?" alipaza sauti. "Amelala tena? Mlevi huyu, ameniachia kazi miaka kumi anakoroma. Mwambieni aamke anyoe ndevu."

Hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja aliweka mkono mdomoni. Mjomba, akidhani huzuni imezidi, akaongeza habari ya miguu kunuka.

Kijana mmoja mrefu alisimama. Baadaye ilijulikana anaitwa Wilfred. "Bwana," alisema polepole, "unamsema nani?"

"Namsema marehemu."

"Marehemu ni mama yangu."

Mjomba alivua kofia. Alisema kwamba wakati ule alitamani Kitonga imrudishe mpaka chini. Wanaume wawili walikuwa wamekwisha kuinuka, mmoja ana fimbo. Aliyemwokoa ni mzee aliyekuwa amekaa karibu na moto, mume wa marehemu. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, na watu wakadhani analia.

"Saruji sijui," mzee alisema. "Ndevu alikuwa nazo mbili hapa kidevuni. Lakini kukoroma, kweli. Miaka arobaini na sita."

Ndipo mjomba akaeleza yote, amepiga magoti matopeni: Kibaha, Leodegar, barua, kanisa. Wakamwambia hilo aliloliona si la Katoliki, ni la Walutheri. Yeye alikuwa ameona msalaba tu. Ilula ilikuwa mbele, kama kilomita kumi na nane, na huko ndiko kwa Leodegar, nao wamesikia matanga yake yanakwisha kesho asubuhi. Yao pia yalikuwa yanakwisha kesho.

"Basi niruhusuni nikimbie," mjomba alisema. "Bado kuna mwanga."

Mzee alitikisa kichwa. "Wewe ni mtani au si mtani?"

"Ni mtani, baba."

"Umefungua kinywa kwenye msiba wangu. Sasa mke wangu amebaki na maovu ya mwashi. Saruji si yake, miguu si yake. Utamwacha hivyo?"

Mjomba aliitazama barabara. Alijua akibaki, yawezekana asiwahi kwa Leodegar, na hicho ndicho kitu pekee kilichomtoa Kibaha. Alijua vilevile kwamba mzee amesema haki.

Akabaki. Jioni ile watoto na wajukuu walikaa naye jikoni, wakamfundisha vituko vya bibi yao: jinsi alivyoficha sukari ndani ya chungu cha mbegu, jinsi alivyohesabu vifaranga vya jirani akavikuta vyake, jinsi alivyoimba kanisani kwa sauti ya juu kuliko wote na nje ya wimbo. Asubuhi, ukungu ulipoanza kupungua, mjomba alijifunga khanga ya marehemu, akaimba nje ya wimbo, akahesabu vifaranga. Wilfred alicheka mpaka akakaa chini. Mjomba alifagia jivu lao, akalitupa, akawaachia nazi moja. Ilipotimia saa mbili na nusu alikuwa barabarani.

Tairi la nyuma lilipasuka njiani. Kiraka hakikushika kwa unyevu, akabandika cha pili. Alifika Ilula saa sita kasoro.

Kanisa la Katoliki aliliona. Nyumba ya pili, ya bati, aliiona. Uani palikuwa pamefagiliwa. Alama za ufagio zilionekana kwenye udongo, na mahali pa moto pamebaki duara jeusi lenye maji. Watu walikuwa wanaondoka kwa makundi, na mwanamume aliyevaa koti anakunja karatasi. Mwanamke amekaa peke yake kwenye kizingiti. Safari hii mjomba alisimama nje akabisha hodi.

Mwanamke alimtazama, akaitazama kofia iliyofungwa kwenye usukani. "Wewe ndiye yule Mzaramo," alisema.

"Ndiye, shemeji."

"Umechelewa."

"Nimechelewa."

"Tulingoja mpaka saa tatu. Gregori akasema mtu hawezi kutoka Kibaha kwa vita hivi, akalitoa jivu yeye." Eugenia alisema hayo bila lawama. "Amemsema vizuri. Kwamba alikuwa mpole. Kwamba hakugusa pombe."

"Na wewe ukasemaje?"

"Ningesema nini? Nilimsikiliza nikawa najiuliza ni nani huyo aliyekufa."

Mjomba hakuvaa kofia. Aliniambia hakuwa na nguvu ya kuigiza mtu yeyote. Alikaa chini, mgongo ukutani, na ukutani ndipo macho yake yalipozoea kufanya kazi. Alitazama pembe ya nyumba kutoka chini kwenda juu. Akafungua furushi, akatoa timazi, akapanda juu ya baiskeli iliyoegemezwa, akaliteremsha kutoka kwenye bati kando ya ukuta.

Lile pande la chuma lilitulia. Kwa juu uzi uligusa tofali. Kwa chini palikuwa na nafasi ya vidole vitatu.

"Shemeji," mjomba alisema, "nyumba hii aliijenga nani?"

"Yeye."

"Peke yake? Mimi sikuwapo kumkorogea udongo?"

"Peke yake, likizo tano."

"Miaka kumi ananiambia mimi ni tambarare. Tofali likipinda unene wa ukucha anamtukana mama yangu. Kibaha nzima imesimama wima, nyumba za watu asiowajua, na mkewe kajengewa nyumba inayoangukia mgomba wa pembeni. Mlevi gani huyu? Alikuwa anapima kwa chupa?"

Eugenia alilitazama timazi. "Nilimwambia," alisema. "Siku ya kwanza kabisa nilimwambia, baba huu ukuta unalala. Akasema ni macho yangu." Akaanza kucheka. Alijifunika uso kwa khanga, akacheka humo ndani, na kicheko kikageuka kilio, kikarudi tena kuwa kicheko. "Akasema Wahehe tunaona vibaya kwa sababu ya ukungu."

Waliokuwa wameanza kuondoka walisimama njiani. Wachache wakarudi. Gregori naye alirudi, karatasi mkononi, akaja mpaka pembeni ya nyumba, akapima nafasi kwa vidole vyake mwenyewe. "Lakini pombe," alisema kwa sauti ndogo, "kidogo kweli alikunywa."

Eugenia aliinuka, akaingia jikoni. Alitoka na kijinga cha moto na konzi ya majani makavu, akakiweka katikati ya lile duara jeusi, akakipuliza mpaka kikawaka. Alisimama kando, akangoja kipungue.

"Sasa," alimwambia mjomba, na akampa ufagio, "litoe jivu."